Ultrasaundi na chembe za chokaa katika titi: Jibu la ‘hakuna uvimbe’ lina maana gani?

MAMA wa miaka 46 anaingia katika kliniki moja mjini Malindi mwezi wa Oktoba, mwezi ambao kote nchini huwa ni wa kampeni dhidi ya saratani ya matiti. Hana maumivu wala uvimbe. Amekuja kwa sababu dada yake amemhimiza. Analazwa kitandani, anapakwa ute wa baridi kifuani, na mhudumu anatembeza kifaa cha ultrasaundi juu ya matiti yote mawili huku akikodolea macho kiwambo. Baada ya robo saa anakabidhiwa karatasi inayosema kwamba hakuna uvimbe wowote ulioonekana. Anamshukuru Mungu, anapanda tuktuk na kurejea nyumbani. Jioni anawaambia majirani kuwa amepimwa saratani na hanayo.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini wanaofanana naye ni wengi kuanzia Mtwapa hadi Marereni. Karatasi aliyopewa haikusema uongo. Ilijibu swali moja, naye akalipokea kuwa jibu la maswali mawili.

Sisi wa vyombo vya habari tuna sehemu yetu ya lawama. Katika miaka yangu ya kupitia habari kabla hazijachapishwa, nimeruhusu vichwa visivyo na idadi vya aina ya “mamia ya wanawake wapimwa saratani bila malipo” pasipo kumuuliza mwandishi walipimwa kwa chombo gani na chombo hicho kina uwezo wa kuona nini. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Swali ambalo ultrasaundi ile haikulijibu linahusu chembe za chokaa.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa chokaa ni nini. Kuta za mji wa kale wa Gedi zilishikanishwa kwa chokaa, na hadi miaka ya karibuni matumbawe yalichomwa katika matanuri ili kuipata. Kiini cha chokaa hiyo ni madini ya kalisi, yale yale yanayojenga mifupa na meno yetu. Mara nyingine madini hayo huganda mahali pasipo pake, ukiwemo mwili laini wa titi. Yakiganda kuwa mabonge makubwa kiasi, huwa ni alama ya uzee wa mishipa ya damu, kovu la jeraha la zamani, au uvimbe usio na madhara uliokauka. Yakiwa madogo mno, chini ya milimita moja na mara nyingi chini ya nusu milimita, daktari huyatazama kwa jicho jingine.

Kabla ya kuendelea, hofu moja inafaa iondolewe. Chembe hizi hazitokani na chokaa ya tambuu. Hazitokani na kunywa maziwa, wala na maji magumu ya visima vyetu vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, wala na vidonge vya kalisi wanavyopewa wajawazito kliniki. Tambuu ina mashtaka yake mengine, hasa ya saratani ya kinywa, lakini hilo si la leo. Chokaa ya titi hutokana na yanayotendeka ndani ya titi lenyewe, na hakuna chakula cha kuacha ili kuizuia.

Aidha, chembe nyingi kati ya hizo hazina ubaya wowote. Wanawake wengi waliopita umri wa miaka 50 wanazo na watazikwa nazo bila kujua. Zinazotia shaka ni zile zilizosongamana mahali pamoja zikiwa na maumbo yasiyolingana, au zilizojipanga mstari na kuchipua matawi. Mstari huo una sababu. Saratani nyingi za matiti huanza ndani ya mirija ya maziwa. Katika hatua ya mwanzo kabisa, seli zilizoharibika hujaa ndani ya mrija bila kuutoboa. Zile za katikati hukosa damu, hufa, na mabaki yake hugeuka chokaa. Kwa hiyo chokaa huchora umbo la mrija uliozibwa. Wakati huo hakuna uvimbe wa kushikika, hakuna maumivu, wala chuchu haijabadilika. Ugonjwa ungali umefungiwa katika mrija na haujapata njia ya kuelekea kwapani au mapafuni. Atakayeugundua hapo ana nafasi kubwa sana ya kupona.

Daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, ndiye aliyetangulia kuiona alama hiyo. Mwaka wa 1913 alichapisha matokeo ya kupiga eksirei matiti takriban 3,000 yaliyokuwa yamekatwa kwa upasuaji, na katika baadhi yake aliona vidoa vidogo vya chokaa ndani ya saratani. Ilipita miaka mingi kabla ya umuhimu wake kueleweka. Mapema katika miaka ya 1950, Raul Leborgne wa Uruguay aliandika kwa kina kuhusu vidoa hivyo na kuvifananisha na punje laini za chumvi. Msomaji wa Gongoni au Kurawa, kunakovunwa chumvi ya bahari, ataielewa tashbihi hiyo kuliko profesa yeyote wa Ulaya.

Tangu wakati huo, chombo cha kutafutia chumvi hiyo kimekuwa mamogramu, yaani eksirei maalumu ya matiti. Titi hubanwa kati ya bamba mbili kwa sekunde chache (kunauma kidogo, tusifichane) na mionzi hafifu hupitishwa. Chokaa huizuia mionzi kuliko nyama na mafuta yanavyoizuia, kwa hiyo hata chembe ya sehemu ya tano ya milimita huweza kujitokeza kama kidoa cheupe.

Ultrasaundi hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Haitumii mionzi bali sauti, ya kiwango cha juu ambacho sikio la binadamu haliwezi kukisikia. Wavuvi wetu walio na injini na mitambo ya kutafutia samaki wanaijua kanuni hii: sauti hutumwa chini, ikigonga kitu hurudi kama mwangwi, na muda wa safari huonyesha kina. Ndani ya mwili sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo picha inavyoonyesha vitu vidogo zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wachache huelezwa. Kifaa kile cha mviringo kinachotumiwa kumwangalia mtoto tumboni hutoa mawimbi ya kama megahezi 3.5, ambayo kila moja lina urefu wa karibu nusu milimita. Hayo huzama ndani sana, lakini hayana makali ya kuona vitu vidogo. Titi huhitaji kifaa kilichonyooka, cha megahezi 10 hadi 18 hivi. Kwa megahezi 12, wimbi moja ni takriban milimita 0.13. Zahanati inaweza kutangaza kuwa ina ultrasaundi, na ikawa na kile cha wajawazito peke yake. Kupimwa titi kwa kifaa hicho ni kama kutafuta dagaa kwa jarife.

Hata kwa kifaa kinachofaa, chembe za chokaa huponyoka, kwa sababu mbili. Kwanza, picha ya ultrasaundi yenyewe ina punjepunje nyeupe na nyeusi zinazotokana na mwangwi wa vitu vingi vidogo kugongana, hivyo kidoa kimoja cha ziada humezwa humo. Pili, mawe makubwa, kama yale ya nyongo, hutambuliwa kwa urahisi kwa sababu yanakinga sauti na kuacha kivuli cheusi nyuma yake. Chembe ya robo milimita ni ndogo kuliko unene wa mwale wa sauti. Sauti huipita kando kando na kivuli hakiundwi. Mwage chumvi laini juu ya mchanga mweupe wa Watamu kisha umwambie mtu aihesabu.

Sasa imwage chumvi hiyo hiyo juu ya kaniki. Kila punje itaonekana. Ndivyo inavyokuwa chembe za chokaa zinapokaa ndani ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe wa saratani huwa mweusi katika picha ya ultrasaundi na chokaa hung’aa juu yake. Hii ndiyo sababu haitoshi kusema kwa mkato kwamba ultrasaundi haioni chokaa. Inategemea imekaa juu ya nini.

Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulilipima jambo hili. Wataalamu walichukua maeneo 111 ya chembe za kutilia shaka yaliyokuwa yamekwisha kuonekana kwa mamogramu, kisha wakayatafuta kwa ultrasaundi huku wakijua yalipo. Waliyaona 26 tu, yaani karibu robo. Lakini kati ya hayo 26, asilimia 69 yalikuwa saratani; kati ya yale yaliyokosekana, ni asilimia 21. Kwa maneno mengine, ultrasaundi iliona machache, ila yale iliyoyaona yalikuwa na uzito. Na asilimia 21 si kitu cha kupuuza: hao ni wanawake waliokuwa na saratani, walitafutwa na mtaalamu aliyejua pa kutazama, na bado hakuona kitu.

Mashine zimeboreka tangu 2003. Vifaa vya leo ni vikali zaidi, na baadhi ya watengenezaji wameweka programu za kung’arisha vidoa vya chokaa na kufifiza vingine. Watafiti pia wanatumia mbinu ya rangi, ile inayoonyesha mwendo wa damu, kwa kuwa uso wa chokaa wenye mikwaruzo huweza kupepesa rangi hata pasipo damu. Hayo yanasaidia. Hayajaiondoa mamogramu katika nafasi yake.

Je, basi ultrasaundi ni ya nini? Ni ya mengi, na itakuwa kosa msomaji akitoka hapa akiidharau. Mamogramu nayo ina upofu wake. Titi la mwanamke kijana limejaa tezi, ambazo katika eksirei huonekana nyeupe kama uvimbe unavyoonekana mweupe. Hapo mamogramu ndiyo inayotafuta chumvi mchangani. Ultrasaundi huutenga uvimbe na tezi hizo, na hutofautisha uvimbe mgumu na mfuko wa maji tu.

Nchini Japani, wanawake 72,998 wa umri wa miaka 40 hadi 49 waligawanywa makundi mawili: moja likapimwa kwa mamogramu pekee, jingine kwa mamogramu na ultrasaundi pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Mamogramu pekee ilinasa saratani 77 kati ya kila 100 zilizokuwepo. Zote mbili pamoja zilinasa 91. Gharama yake ilikuwa hofu za bure, ambazo ziliongezeka. Utafiti mwingine, wa Marekani, Kanada na Argentina, uliwapima wanawake 2,662 wenye matiti mazito na hatari iliyozidi ya kawaida. Kila mmoja alipigwa picha za aina zote mbili, mara tatu kwa mwaka mmoja mmoja. Kati ya saratani 111, mamogramu iliona 59 na ultrasaundi 58. Ni karibu sare. Tofauti ilikuwa katika aina: kati ya zile 58 za ultrasaundi, 53 zilikuwa zimeshatoboa mrija na kuanza kusambaa, katika zile 59 za mamogramu, za namna hiyo zilikuwa 41. Zilizobaki, 18, zilikuwa bado zimefungiwa ndani ya mirija, na hizo ndizo ambazo mara nyingi hujitambulisha kwa chokaa peke yake.

Turudi Kilifi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika kaunti hii yenye zaidi ya kilomita 12,000 za mraba. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni karibu kilomita 120. Kwa mkazi wa ndani kabisa ya Magarini au Ganze safari huanza kabla hajaiona lami. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mradi wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti, na mashine za mamogramu zilikuwa miongoni mwa vifaa vya picha. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi huo ilitoa ripoti yake mwaka wa 2020 na kueleza jinsi baadhi ya vifaa nchini vilivyokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au majengo. Mashine bila mtu wa kuisoma ni samani. Wataalamu wa kusoma picha hizi ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na Mombasa.

Mwongozo wa uchunguzi wa saratani uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2018 unapendekeza mamogramu kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila baada ya miaka miwili kwa wa miaka 56 hadi 74. Hilo ni pendekezo zuri ambalo wanawake wengi wa Kilifi hawajawahi kulitimiza hata mara moja.

Kutokana na hali hiyo, nina maoni ambayo huenda yakawaudhi wapenda mashine. Kwa mwanamke wa kwetu, adui wa kwanza bado si ile chembe isiyoshikika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 Wakenya 6,799 walipata saratani ya matiti na 3,107 walikufa kwayo. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, uvimbe ukiwa umeshikika kwa miezi, pengine mwaka, kwa sababu ya haya, nauli, mganga, au kumsubiri mume arudi kutoka kazini Mombasa. Mficha maradhi kifo humfichua, wahenga wetu walisema hivyo kabla ya mashine zote hizi. Mwanamke mwenye uvimbe asingoje mamogramu. Ultrasaundi ya kifaa kinachofaa hapo hapo Malindi au Kilifi, ikifuatwa na biopsi, yaani kutolewa kipande cha nyama kwa sindano ili kichunguzwe maabarani, inatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka wa 2021, linataka safari yote kutoka kufika kituo cha afya hadi kujua ugonjwa isizidi siku 60. Kwa mwanamke huyu ultrasaundi ni mkombozi.

Ni kwa yule asiye na uvimbe wowote, kama mama wetu wa Malindi, ambapo ultrasaundi peke yake haimalizi kazi. Ana miaka 46. Mwongozo unampa mamogramu. Akienda Mombasa kuipata na ikaonyesha chembe zilizosongamana, hapo ultrasaundi hurudi kwa kazi ya pili: mtaalamu atatazama mahali hasa palipoonyeshwa na mamogramu, kutafuta kama kuna uvimbe mdogo nyuma ya chokaa ile. Ukionekana, sindano ya biopsi huongozwa kwa ultrasaundi, njia iliyo rahisi na isiyo na mionzi. Usipoonekana, sindano huongozwa kwa eksirei, kazi inayofanywa na hospitali chache kubwa. Kwa vyovyote, vipande vilivyotolewa vyapaswa kupigwa eksirei kabla mgonjwa hajashuka kitandani, ili ithibitike kuwa chokaa imo ndani yake. Sindano iliyokosa chokaa na maabara ikasema “hakuna saratani” haijasema kitu.

Ripoti ya picha mara nyingi huwa na nambari ya BI-RADS, kuanzia 0 hadi 6. Moja na mbili ni salama. Tatu ni ya kusubiri na kurudi, kwa kawaida baada ya miezi sita, maana uwezekano wa saratani hauzidi asilimia mbili. Nne na tano zinadai biopsi, na sita ni ya saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Sifuri haina maana ya “hakuna kitu”, kosa ambalo watu hulifanya mara kwa mara. Maana yake ni kuwa picha hazijatosha na zinahitajika nyingine.

Mama yule basi ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla hajaondoka dirishani. La kwanza: mmenipima kwa kifaa cha titi au cha mimba? La pili: karatasi hii inasema sina uvimbe, je, kuhusu chokaa ni nani atakayeniambia? Mhudumu mzuri hataudhika. Atamwandikia barua ya kwenda kupigwa mamogramu.

Na akishaipiga, asiziache picha zile hospitalini wala kuzitumia kufunikia mtungi. Azitunze mahali pakavu, na kila atakapokwenda tena azibebe, hata kama ni kwa matatu ya alfajiri kuelekea Mombasa. Daktari akiiweka picha ya mwaka huu kando ya ile ya mwaka juzi ndipo atakapojua kama chembe saba zimekuwa kumi na tano, au ni zile zile saba.